Naibu wa Mchezoni na Naibu wa Shuleni

Nyinyi vijana mnaoanza ualimu, na hasa wewe uliyebandikwa kikundi cha drama kwa sababu ulikuwa mgeni katika chumba cha walimu na hukujua kukataa, nawasalimu. Nami nilikipata vivyo hivyo. Nilidhani ni adhabu ya muhula mmoja, kikawa ndio kazi yangu hadi nikastaafu. Sasa nakaa kwangu mtaa wa Langoni hapa Lamu, Amu yetu, asubuhi namwagilia asumini zangu darini, juu ya nyumba, na wanafunzi wa zamani wakipita chini wananiita kwa sauti za watu waliowaigiza. Yuko mmoja, sasa ni baba wa watoto, akipita hunibishia hodi kama mfalme. Siku yangu ikianza hivyo, huwa sitaki kingine.

Mumeniomba niwaambie mbinu. Haya, nawapa ya kwanza: musitengeneze ndevu kwa nyuzi za makumbi.

Mimi nilifanya hivyo mwaka wangu wa mwanzo. Nilikuwa na hakimu katika mchezo, kijana mwembamba asiye na unywele mmoja usoni, nikaona bila ndevu hatakuwa na haiba. Nikachambua makumbi ya nazi, nikayabandika na gundi ya seremala. Hakimu alipoanza kutoa hukumu, kidevu kikaanza kumuwasha. Akajikuna. Watu wakadhani anatafakari. Akajikuna tena, kisha akapiga chafya moja ambayo sijapata kuisikia tena, na ndevu zikaruka zikatua mapajani mwa mgeni wa heshima aliyekaa mbele. Yule mgeni, Mungu ambariki, alizichukua kwa vidole viwili na kumrudishia mwenyewe.

Aliyekuwa akinifunza kazi wakati huo ni Bwana Omari, mwalimu mkongwe wa Mkomani, mtu mpole asiyetoka nje bila kofia yake ya kazi ya mkono. Alingoja watu watawanyike, akanijia.

"Bi Salma," akasema, "ukali haukai kidevuni. Hakimu mwambie asigeuze shingo. Wengine wote wahangaike, yeye atulie. Hapo watu watamuogopa."

Nilijaribu, na kweli. Mpaka leo nikimuona mtu wa cheo akizungumza na mtu dhaifu bila kugeuza shingo, namkumbuka Bwana Omari.

Mbinu ya pili ni yangu mwenyewe. Mchezo ukiwa wa Kiingereza, na hasa kile Kiingereza cha zamani ambacho hata Waingereza wenyewe hukisoma na kamusi, usimpe mtoto maneno ayakariri. Mwambie kwanza ayaseme kwa lugha ya kwao. Wa Siyu aseme Kisiyu, wa Amu aseme Kiamu, na wale waliotoka bara waseme Kiswahili chao cha huko wakichanganya na Sheng wakitaka. Mtoto akishamuomba mtu msamaha kwa maneno ambayo mamake hutumia jikoni, akirudi kwenye Kiingereza utamsikia ameyashika. Asiyefanya hivyo atasimama kama anayesoma mita ya umeme.

Sasa niwaambie habari ya mchezo mmoja, maana ndio niliokaa nao moyoni.

Ulikuwa mchezo wa kale wa Kiingereza, wa jukwaani. Mtawala wa mji anajifanya ameondoka, anamwachia madaraka naibu wake, mtu anayesifika kwa uadilifu. Naibu anafufua sheria kali iliyokuwa imelala, na kijana mmoja anahukumiwa kufa kwa kuwa amempa msichana mimba kabla ya ndoa. Dada wa kijana, mtu wa dini, anakwenda kumuombea. Naibu anakataa, sheria ni sheria. Kisha yeye huyo huyo anamtamani dada, anamwambia: nipe mwili wako, nikupe roho ya ndugu yako. Mwishowe mtawala anarudi, unafiki unafichuka, na naibu mwenyewe anastahili kufa kwa sheria ile ile. Na hapo ndipo pazito: yule dada anaombwa apige magoti, aombe naibu asamehewe.

Dada alikuwa Zena, wa kidato cha tatu, binti wa Langoni mwenye sauti nzito na maswali mengi. Naibu alikuwa Lali, kijana wa Siyu aliyekuwa akikaa kwa shangazi yake hapa mjini ili asome. Lali alikuwa na shingo. Ukimwambia atulie, hata nzi angemtua puani asingepepesa.

Sasa, shule yetu nayo ilikuwa na naibu. Bwana Aboud, naibu wa mwalimu mkuu, ndiye aliyekuwa akisimamia nidhamu. Neno "naibu" likitajwa katika mazoezi, watoto walikuwa wakikohoa kwa pamoja. Bwana Aboud hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa kunyoosha mambo: kola, mistari ya paredi, hata viti vya chumba cha walimu akivipita alivisogeza vikae sawa. Wanafunzi walikuwa na tabia ya kutoroka mchana kwenda kwenye ngoma za harusi, na msimu wa harusi hapa Amu mnaujua, kila mtaa una zumari. Akaweka sheria: atakayetoroka kwenda ngomani, nyumbani muhula mzima.

Alhamisi moja kulikuwa na harusi Langoni, karibu na kwetu. Mimi sikuwa na kipindi mchana ule, nikaomba ruhusa, nikaenda kukaa na akina mama darini. Chini uwanjani wanaume walikuwa wakicheza kirumbizi. Mgeni asiyejua, kirumbizi ni mchezo wa fimbo: wawili wanaingia kati, zumari inalia, mmoja anatafuta pa kumgusa mwenzake na mwenzake anakinga. Ni mchezo wa miguu na macho kuliko wa mikono.

Akaingia kati mwanamume wa makamo, kanzu ameipandisha, fimbo anaizungusha kama unyoya. Akina mama wakapiga vigelegele. Nikachungulia vizuri. Alikuwa Bwana Aboud, ambaye asubuhi ile alikuwa ametuaga chumba cha walimu ameshika kiuno, akisema anakwenda hospitali kwa ajili ya mgongo.

Upande wa pili akaingia kijana, ameinama, hajamuona mwenzake. Akainua uso. Alikuwa Lali, na shati lake la shule amelifunga kiunoni.

Wakatazamana. Zumari haikujua lolote, ikaendelea. Lali angeweza kumgusa, bega la Bwana Aboud lilikuwa wazi kabisa. Badala yake aliishusha fimbo chini, akainamisha kichwa kama mtu anayeamkia, akatoka kinyumenyume. Watu wakacheka, wakadhani kijana ameogopa. Bwana Aboud akabaki peke yake katikati na fimbo juu.

Kesho yake paredini, Bwana Aboud akasimama mbele yetu.

"Nimepata taarifa za uhakika," akasema, "kwamba Lali wa kidato cha tatu alitoroka jana akaenda ngomani."

Hakuna aliyecheka. Nusu ya shule walijua taarifa hizo zimetoka wapi. Lali alisimama pale pale, shingo haikugeuka. Alipoulizwa kama ana la kujitetea akasema, "Sina, mwalimu. Nilikwenda." Akafunga mkoba wake akaondoka.

Nilimfuata hadi lango la shule. "Mbona hukusema?"

"Nimseme vipi, Bi? Ni mwalimu wangu."

Muhula mzima si kitu kidogo kwa mtoto kama yule. Babake alikuwa akifanya kazi za mashua Ras Kitau, kuvusha wageni wa mahoteli. Siku ile ile alimchukua kwenda kumsaidia, na sote tulijua jinsi mambo hayo yanavyokwenda. Mtoto akishazoea kushika usukani na wageni wakimpa bakshishi, darasa linakuwa dogo, harudi.

Mazoezi yaliyofuata, watoto walikuwa wamefura. Zena alikuja na shauri lake.

"Mwalimu, tumpe mwenzetu Kombo nafasi ya naibu. Aingie na fimbo ya kirumbizi. Ashike kiuno hivi. Wazazi wote watakuwepo, watajua."

Wenzake wakapiga makofi. Sitawadanganya, nami niliiona picha ile, ikanipendeza kwa muda. Kisha nikakataa.

"Ukimnyooshea kidole mtu mmoja aliyekaa kwenye kiti," nikawaambia, "wengine wote watarudi nyumbani wameshiba. Kila mmoja atasema, alhamdulillahi, si mimi. Mchezo huu haukuandikwa hivyo."

"Basi atawatwa hivi hivi?" Zena akauliza, yaani aachwe tu, bila kuguswa.

"Sikusema hivyo."

Nilikwenda ofisini kwa Bwana Aboud. Nikamkuta anapanga kalamu.

"Bwana Aboud, mgongo haujambo?"

Akanitazama. "Nafuu, alhamdulillahi."

"Nimekuja kumuombea Lali. Mpe adhabu nyingine, hata iwe nzito, lakini iwe ndani ya shule. Akikaa Ras Kitau muhula mzima tumempoteza."

"Bi Salma, nikimwachia Lali leo, kesho sina la kumwambia mwengine. Sheria niliisoma mimi, mbele ya wote."

Aliposema hayo, hakugeuza shingo. Nilikuwa na neno mdomoni, nyinyi mnalijua, nikalimeza. Nilihisi nikilitoa pale, yeye atajitetea na mimi nitashinda, na Lali atabaki Ras Kitau. Mtu ukimbana ukutani, hufikiria ukuta tu.

"Basi nisaidie jambo moja," nikasema. "Sina naibu wa mchezo. Kiingereza chako ni kizuri na sauti unayo. Njoo ukae na watoto, uwasomee maneno ya naibu mpaka nipate mtu."

Jambo hilo lilimfurahisha. Kuna watu wengi wakali ambao hawajaombwa kucheza tangu utotoni.

Akaja baada ya sala ya alasiri, miwani machoni. Nikawaambia tufanye kama tunavyofanya siku zote, kwanza kwa lugha ya nyumbani, halafu Kiingereza. Zena akasimama mbele yake. Nilitaraji atamshambulia, maana nilijua moyo wake ulivyo. Hakufanya hivyo. Aliweka mikono kifuani, akasema kwa Kiamu, taratibu:

"Bwana, ndugu yangu amekosa, sikatai. Lakini nawe una mama, kama yeye. Siku utakayokosa wewe, utapenda kuhukumiwa na mtu kama wewe?"

Ilikuwa zamu ya Bwana Aboud. Akakitazama kitabu. Akageuza ukurasa, akaurudisha.

"Mwalimu Salma, hapa pameandikwa nini?"

"Pameandikwa umkatalie."

"Nimkatalie vipi?"

"Kwa ukali," nikasema. "Yeye ni mtu mwadilifu, anajulikana mji mzima."

Akafungua mdomo. Mnajua, nimefundisha watoto wengi waliosahau maneno, lakini yule hakuwa amesahau, maneno yalikuwa mbele yake. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Kisha akauliza, bila kumtazama mtu, "Zena. Nawe siku ile ulikuwepo?"

"Nilikuwa darini, mwalimu. Na shangazi zangu." Harusi ile ilikuwa ya mtaa mzima, na wanafunzi walio ndugu za bibi harusi, Zena mmojawapo, waliombewa ruhusa shuleni.

"Walisema nini?"

Zena akanitazama mimi. Nikatazama sakafu.

"Walisema unajua kucheza, mwalimu."

Kombo akashindwa kujizuia, akatoa mguno kama wa mbuzi, na chumba kizima kikaripuka. Mimi mwenyewe nilijifunika uso kwa mtandio. Tulipotulia, Bwana Aboud alikuwa anacheka nasi, lakini macho yake yalikuwa na maji. Akaweka kitabu juu ya kiti, akakisogeza kiti kikae sawa, akatoka.

Asubuhi yake hatukumuona paredini. Walimu wakaulizana. Baadaye tukasikia amepanda boti kwenda Ras Kitau. Babake Lali alinihadithia mwenyewe: alikuwa anakokota mashua, akamuona mwalimu anashuka majini suruali ameikunja, akadhani mwanawe amefanya kosa jingine. Bwana Aboud akampa mkono, akamwambia, "Nimekuja kumchukua kijana. Yeye alitoroka nami nilitoroka, tena mimi niliongeza uongo." Baba mtu akamkaribisha chai.

Paredi iliyofuata ilikuwa fupi. Bwana Aboud alisema aliyoyasema Ras Kitau, maneno yale yale, mbele ya mwalimu mkuu na shule nzima. Kisha akasema sheria haijafutwa. Ila kumfukuza mtoto muhula mzima alikosea kipimo, kwa hivyo atakayetoroka sasa atafanya kazi ya shule siku za mapumziko. "Ukuta wa nyuma unahitaji chokaa," akasema. "Tuko wawili."

Jumamosi nilipita makusudi. Lali alikuwa juu ya ngazi, Bwana Aboud chini ameshika ndoo, amevaa kikoi kikuukuu, chokaa imemrukia mpaka kwenye nyusi. Kila Lali alipopaka, yeye alirudi nyuma kutazama kama mstari umenyooka. Mwalimu mwenzetu mmoja alinong'ona kwamba heshima ya walimu imekwisha siku ile. Mimi niliendelea kufundisha miaka mingi baadaye katika shule ile, na sikuona mtoto aliyemvunjia heshima Bwana Aboud tena. Walimuogopa kidogo tu, kwa kiasi kinachofaa.

Lali akarudi kwenye mchezo, na hapo nilijifunza kitu cha kazi ambacho Bwana Omari hakunifundisha. Mwanzo alikuwa akimcheza naibu kama jitu baya: macho makubwa, meno nje. Sasa akamcheza mtu anayeogopa. Alitulia vile vile, lakini mkono wake mmoja haukukosa kushika kitu, kiti, kitabu, upindo wa joho. Nilimuuliza ameutoa wapi ule mkono.

"Kule uwanjani," akasema. "Nilipoinua uso, mwalimu aliishika ile fimbo kama mtu anayezama."

Lakini Zena hakuridhika. Kila siku alipofika pa kupiga magoti alisimama. "Kwa nini nimuombee? Huyu hakwenda kucheza fimbo, mwalimu. Alitaka kunivunjia heshima." Nikamwambia ana haki ya kuuliza, na asichanganye kosa la naibu wetu na la yule wa kwenye mchezo, si kosa moja. Sikumpa jibu kwa sababu sikuwa nalo. Nilimwambia tu, "Siku ya mchezo, usipige magoti mpaka utake mwenyewe. Tutangoja."

Hii iandikeni, kama mnaandika. Mwigizaji akiuliza swali zuri, usilizibe. Mpeleke nalo jukwaani.

Siku ya wazazi ukumbi ulijaa, wanaume upande huu, akina mama upande ule. Babake Lali alikuja na wenzake wa mashua. Bwana Aboud alikaa safu ya mbele na hakushika kiuno. Mtu mmoja wa mtaani alisimama pembeni akiwatafsiria kidogo kidogo wasiojua Kiingereza, na kwa hivyo kila jambo lilishangiliwa mara mbili, mara kwa waliolielewa na mara kwa waliotafsiriwa.

Tukafika mwisho. Unafiki umefichuka, naibu amesimama kichwa chini, mtawala ametoa hukumu afe. Zena yuko katikati. Akasimama. Tukangoja. Mtafsiri akaona nafasi, akawaeleza watu: "Sasa yuataka kumuombea asiuliwe."

Hapo akainuka Bi Rehema, mama mnene anayeoka mikate ya mofa karibu na shule, mtu ambaye hajawahi kusema kwa sauti ndogo.

"Asisamehewe huyo!" akapiga kelele. "Mwana mwongo! Na wamkate kichwa!"

Akina mama wakamuunga mkono. Wanaume wakacheka. Mwalimu mkuu akatazama pazia nilipokuwa, akiwa na jasho. Nami, kwa kazi yangu yote, nikabaki nyuma ya pazia nimeshika kitambaa.

Zena akageuka. Hakuwa na neno la Kiingereza kwa jambo lile, na hakulitafuta. Alimtazama Bi Rehema, akasema kwa heshima, kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni:

"Bi, mimi ndimi niliyekosewa. Niwate niseme."

Bi Rehema akakaa. Zena akamgeukia Lali, akamtazama kwa muda mrefu, mrefu kuliko nilivyomfundisha, kisha akapiga magoti, akaanza maneno yake ya Kiingereza, na mtafsiri hakutafsiri hata moja. Hakuna aliyemuuliza.

Kesho yake asubuhi, Zena na Lali walipita pamoja mbele ya tanuri la Bi Rehema wakienda shule, nami nilikuwa nyuma yao. Bi Rehema akamwita Zena, akamtilia mkate wa moto mkononi, akamuombea dua. Lali naye akanyoosha mkono.

"Wewe simama kando kwanza," akamwambia.

Lali akasimama kando. Watu wakanunua, wakapita. Lali bado amesimama, mpole, mkoba begani. Mwisho Bi Rehema akatoa mkate mmoja, akaupangusa majivu, akampa.

"Kula," akasema. "Yeye ameshakusamehe. Mimi ningali nafikiri."